Mnasanzi wako unaumwa nini? Dalili, chanzo na tiba kwa wanaoulea ndani ya nyumba Mwanza

Mnasanzi, mmea unaonasa na kula wadudu kwa majani yake yenye mitego, Dionaea muscipula kwa jina la kitaalamu, kwao ni eneo dogo la pwani ya Marekani, katika majimbo ya North Carolina na South Carolina. Huko huota kwenye nyika za misonobari, juani, katika udongo mchachu ulio na maji karibu mwaka mzima na usio na rutuba. Kila mwaka hupata miezi mitatu hadi minne ya baridi na kulala. Maji yasiyo na chumvichumvi, udongo usio na mbolea, jua la kutosha na usingizi wa baridi: mmea ukiugua ndani ya nyumba Mwanza, mara nyingi kimoja kati ya hivyo vinne kimekosekana. Wadudu ni jambo la tano. Mmea wenye afya unaweza kukaa miezi bila kula nzi hata mmoja, lakini hauwezi kukaa miezi gizani au kwenye maji ya kisima chenye magadi. Wengi wanaoanza hupanga mambo kinyume. Wanahangaikia nzi na kusahau beseni la maji.

Kabla ya kutibu, tazama katikati

Majani yote ya mnasanzi huchomoza kwenye kitovu kimoja. Jani changa liko katikati, limejikunja. Jani kongwe liko nje, limelalia udongo. Kila jani lina umri wake, na likifika mwisho huanza kuwa jeusi kwenye mtego, kisha weusi hushuka kwenye kikonyo.

Kwa hiyo jani jeusi peke yake halisemi kitu. Uliza ni lipi. Ikiwa ni la nje na katikati kuna chipukizi la kijani linalokua, mmea ni mzima. Kata sehemu nyeusi kwa mkasi safi na uache kikonyo ikiwa bado ni kibichi, kwa sababu kinaendelea kuupa mmea chakula. Msimu wa kukua ukiwa umekolea, tegemea jani jipya kila wiki moja au mbili. Ikiwa wiki nne zimepita bila jani jipya, au majani machanga yanakufa kabla ya kufunguka, hapo kuna tatizo, na la kukagua kwanza ni maji.

Mmea uliosafirishwa una ruhusa ya kusinyaa kidogo. Ukifika kutoka safari ndefu ndani ya boksi, mitego mingi hulegea au kufa ndani ya wiki mbili za mwanzo. Usiulishe, usiuhamishe chungu mara tatu, usiuweke kwenye jua kali siku hiyo hiyo. Subiri majani mapya mawili au matatu yaliyoota kwako, halafu ndipo uhukumu. (Unaoagizwa nje ya nchi unahitaji karatasi: jamii hii iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, na mimea inayoingia Tanzania hukaguliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.)

Ncha za majani machanga zinakauka, ukoko mweupe au wa kahawia juu ya udongo

Hii ni chumvichumvi. Mizizi ya mnasanzi imezoea maji yaliyo karibu na maji ya mvua. Unapomwagilia maji yenye madini, maji hupaa hewani na madini hubaki. Wiki ya kwanza huoni kitu. Mwezi wa pili au wa tatu kiwango kimepanda hadi mizizi inaungua, na dalili inatokea ghafla wakati kosa ni la siku nyingi. Ndiyo maana watu husema "mbona nilikuwa namwagilia hivi hivi na ulikuwa vizuri?"

Kiwango salama ni chini ya miligramu 50 za madini kwa lita. Kati ya 50 na 100 mmea huvumilia kwa muda, mradi udongo usuuzwe mara kwa mara. Zaidi ya hapo tafuta maji mengine. Kipimo cha TDS (jumla ya madini yaliyoyeyuka majini) cha mkononi, kile kidogo kama kalamu, kinatoa jibu kwa sekunde chache na bei yake si kubwa. Kwa anayeanza, ni kifaa chenye faida kuliko taa au chungu cha mapambo.

Maji ya Ziwa Victoria yenyewe si mazito kwa madini, ukilinganisha na ya Tanganyika. Hilo huwapa wakazi wa Mwanza nafuu ambayo miji mingine haina. Lakini maji yanayofika bombani yamesafishwa kwa kemikali na kutiwa klorini, yamepita kwenye mabomba, kisha yamekaa kwenye tangi la nyumba yako. Pima ya kwako, usitegemee ya jirani. Maji ya ziwa yaliyochotwa moja kwa moja ufukweni yana tatizo jingine: yamejaa mwani na uchafu unaorutubisha, nao utaota juu ya udongo wako ndani ya siku chache. Maji ya kisima kirefu mara nyingi ndiyo mabaya kuliko yote, hasa yale ambayo sabuni inakataa kutoa povu.

Yako mambo ambayo watu hufanya wakidhani wameyasafisha maji. Kuchemsha hakuondoi madini. Maji yanapungua, madini yanabaki, kwa hiyo umeyakoleza. Kuacha ndoo wazi usiku kucha kunapunguza klorini tu. Maji ya kunywa ya chupa mengi yana madini, mengine yameongezwa kwa makusudi ili yawe na ladha. Soma lebo, na kama kiasi hakijaandikwa, pima. Vituo vinavyojaza maji yaliyochujwa kwa mtambo wa RO, unaosukuma maji kupitia utando unaozuia madini, vinaweza kukufaa sana, ila uliza kama wanarudisha madini mwishoni.

Maji ya betri yanataka uangalifu wa pekee. Madukani jina hilo hutumika kwa vitu viwili: maji safi ya kuongezea betri, na asidi ya kujazia betri mpya. Yale ya kwanza yanafaa. Ya pili yataua mmea na kukuchoma mikono. Chupa isiyo na lebo inayosomeka usiinunue kwa kazi hii.

Maji bora ni ya mvua. Weka beseni au ndoo safi ya plastiki uwanjani, mbali na miti na upenu. Ukikinga kutoka kwenye bati, acha dakika 15 hadi 20 za mwanzo zipite, maana hizo zinaosha vumbi, kinyesi cha ndege na masizi. Hifadhi kwenye dumu la plastiki. Maji ya mvua yaliyokaa kwenye tangi la saruji si yale tena: saruji huachia chokaa, na uchachu ambao mmea unautaka unapotea. Hili huwashangaza watu wenye matangi mazuri ya kuvunia mvua.

Hesabu ya akiba ni rahisi. Mmea mmoja kwenye chungu cha sentimita 10 hadi 12 unatosheka na lita moja hivi kwa wiki, au pungufu. Kiangazi cha Mwanza, kuanzia Juni hadi Septemba, ni wiki 17. Dumu moja la lita 20 lililofungwa vizuri, likawekwa kivulini lisiote mwani, linakuvusha hadi mvua za vuli.

Kama madhara yameshatokea, suuza. Weka chungu sinki, mimina maji ya mvua polepole juu ya udongo yatoke chini, jumla ya mara tano au sita ya ujazo wa chungu. Kwa chungu cha lita moja ni lita tano hadi sita. Ukoko mweupe ukwangue kwanza kwa kijiko pamoja na milimita tano za juu za udongo. Ikiwa mtu ametia mbolea, iwe NPK, urea, samadi au busta ya majani, kusuuza hakutoshi. Toa mmea wote, osha mizizi kwa maji ya mvua, panda kwenye udongo mpya siku hiyo hiyo.

Mmea umesimama bila kukua, udongo unanuka au umeshikana

Udongo wa bustani, hata ule mweusi mzuri unaootesha mchicha, ni sumu kwa mnasanzi kwa sababu ya rutuba yake. Mchanganyiko unaofaa ni piti ya sfagnamu (mabaki ya mosi ya kwenye vinamasi) sehemu moja na pelaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) sehemu moja, kwa ujazo. Piti inauzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa wanaootesha miche ya nyanya na pilipili hoho, na hapo ndipo mtego ulipo: nyingi za miche zimechanganywa na mbolea ya kuanzia pamoja na chokaa. Soma mfuko. Kama umeandikwa namba za NPK au kiwango cha uchachu (pH, ambapo namba ndogo ndiyo chachu zaidi) cha 5.5 hadi 6.5, umerekebishwa kwa ajili ya mboga na haufai. Piti ghafi isiyoongezwa kitu huwa na uchachu wa takribani 3.5 hadi 4.5.

Maganda ya nazi yaliyosagwa yanaweza kutumika ukikosa piti, ila yana chumvi. Yaloweke kwa maji ya mvua, kamua, rudia mpaka kipimo cha TDS cha maji yanayotoka kishuke chini ya 50.

Ukikosa pelaiti tumia mchanga mkubwa, lakini si wa ufukweni moja kwa moja. Mchanga wa ziwa una vipande vya makombe ya konokono, na makombe ni chokaa. Fanya jaribio: weka vijiko viwili kwenye glasi, mwagia siki nyeupe, sikiliza na utazame. Ukichemka kwa vipovu, tupa. Usipotoa povu, osha kwenye ndoo ukikoroga na kumwaga mpaka maji yawe meupe kabisa. Punje za milimita 1 hadi 3 ndizo nzuri. Mchanga laini wa kupigia plasta unajaza nafasi za hewa na kufanya tope.

Chungu kiwe cha plastiki, chenye matundu chini, kina cha sentimita 10 au zaidi. Vyungu vya udongo wa kufinyanga vinavutia macho lakini vinanyonya maji na kuachia madini.

Kumwagilia kwenyewe ni kwa kuweka chungu kwenye kisahani chenye maji ya kina cha sentimita 1 hadi 2, kusubiri yakaribie kuisha, kisha kuongeza. Udongo wa juu ubaki na unyevu unaoushika kwa kidole. Ukiacha chungu kikizama nusu kwenye maji mwezi mzima huku mmea uko mahali penye mwanga hafifu, hewa inaisha kwenye mizizi, udongo unatoa harufu ya yai bovu na tunguu lililo chini ya majani linaanza kuoza. Mwaga maji, badilisha udongo, na usogeze mmea kwenye mwanga. Hata bila tatizo, piti huchakaa na kushikana, hivyo badilisha kila mwaka au miaka miwili.

Majani marefu, membamba, yanalala. Mitego midogo na haina rangi

Mwanga hautoshi. Vikonyo vinarefuka kutafuta jua na mmea unashindwa kugharimia mitego.

Miongozo mingi kutoka Ulaya na Marekani inasema weka kwenye dirisha la kusini. Kwetu ushauri huo haufanyi kazi. Mwanza iko karibu nyuzi 2 na nusu kusini ya ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi, na upenu wa nyumba unalizuia lisiingie dirisha la kaskazini wala la kusini. Madirisha yenye jua la kweli ni ya mashariki na magharibi. La mashariki hupata jua tangu linapochomoza, karibu saa 12 na dakika 45 asubuhi, hadi saa 4 hivi. La magharibi hupata kuanzia saa 9 alasiri hadi jua linapozama. Mmea unahitaji saa nne za jua la moja kwa moja kama kiwango cha chini, na sita ni bora. Dirisha moja la mashariki linakaribia kiwango cha chini bila kukifikia. Baraza linaloelekea ziwani, lenye jua la nusu siku, linalishinda dirisha lolote.

Sasa angalia dirisha lenyewe. Nyumba nyingi zina vioo vya rangi, vya bluu au kahawia, na nyuma yake wavu wa mbu uliojaa vumbi. Vyote viwili vinakula mwanga ambao macho yako hayauoni ukipungua. Pima hivi: nyosha mkono sentimita 30 juu ya mmea saa za jua. Kivuli chenye kingo kali zilizokatika vizuri, mwanga upo. Kivuli chenye ukungu usio na mipaka, mmea una njaa ya mwanga. Safisha wavu, fungua kioo, au hamisha.

Kama hakuna dirisha linalofaa, tumia taa ya LED nyeupe ya wati 20 hadi 30, rangi ya 6500K, sentimita 15 hadi 20 juu ya mmea, saa 14 kwa siku. Umeme ukikatika jioni moja si msiba. Fidia kesho yake.

Rangi nyekundu ndani ya mtego ni dalili nzuri, lakini isikutie hofu ikikosekana, kwani aina nyingine hubaki kijani hata juani. Umbo la jani ni shahidi wa kuaminika kuliko rangi.

Majani yaliyoota kivulini huungua ukiyatoa ghafla: mabaka meupe au ya kahawia yenye kingo wazi ndani ya siku mbili. Anza na saa moja ya jua la asubuhi, ongeza saa moja kila siku mbili, kwa muda wa siku 10 hadi 14. Jani lililokwisha kuungua halirudi, subiri mapya. Tena, chungu cheusi kwenye dirisha la magharibi lililofungwa hupika mizizi. Kiingize ndani ya chungu kingine cheupe kikubwa kidogo.

Kuhusu kuufungia mmea ndani ya chupa ya kioo au tangi la samaki ili upate unyevu: usifanye hivyo. Hewa ya kando ya ziwa inatosha. Ndani ya kioo juani joto linapanda haraka, na kivulini unafuga ukungu.

Mmea umepungua mwaka hadi mwaka, majani mafupi, mitego mizito

Hili ndilo tatizo ambalo wakazi wa Kanda ya Ziwa hulikosa kabisa, kwa sababu halina siku ya kuanza. Mnasanzi hulala siku zinapofupika na baridi inaposhuka. Mwanza tofauti kati ya siku ndefu na fupi kwa mwaka mzima haifiki nusu saa, na usiku wa Juni au Julai haushuki hadi nyuzi 10. Mmea haupati ishara. Unaweza kupita mwaka mmoja bila kulala na usionyeshe kitu. Ukiendelea hivyo unadhoofika: jani jipya ni dogo kuliko la kabla yake, mitego inafunga kivivu, na siku moja unaoza bila kosa jingine.

Dawa ni friji. Msimu tunaoushauri ni Juni hadi Agosti, kwa sababu ya maji: ni kiangazi, mvua hakuna, na mmea uliolala hauhitaji akiba yako. Ukiamka mwishoni mwa Agosti au Septemba una wiki chache za kujipanga kabla ya mvua za vuli.

Wiki sita kabla, acha kuulisha. Wiki tatu kabla, punguza maji ya kisahani, uweke mahali pa baridi zaidi ndani ya nyumba, na kama unatumia taa ishushe hadi saa 8 kwa siku. Siku yenyewe fanya hivi:

1. Toa mmea kwenye chungu, osha mizizi kwa maji ya mvua. Kata majani yote meusi. Ya kijani acha.
2. Kagua tunguu, ile sehemu nyeupe yenye magamba chini ya majani. Iwe ngumu. Sehemu laini ya kahawia ikate hadi ufike kwenye nyeupe.
3. Nyunyizia dawa ya kuvu yenye salfa kama unayo, na usitumie yenye shaba.
4. Funga mizizi na tunguu kwa mosi ya sfagnamu iliyoloweshwa kisha kukamuliwa mpaka isidondoshe tone.
5. Tia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, uache hewa kidogo, andika tarehe, weka droo ya mboga. Joto liwe nyuzi 2 hadi 8. Nyuzi 4 ni nzuri sana. Usikaribie friza.

Kaa nao wiki 10 hadi 12, ukifungua kila baada ya wiki mbili. Ukiona utando wa ukungu, futa, kata sehemu iliyooza, badilisha mosi. Majani mengi yatakufa, na ni sawa, mradi tunguu ni gumu. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa usifungue friji, baridi itabaki. Na waambie wa nyumbani ni kitu gani kile, maana mfuko wenye majani meusi kwenye droo ya mchicha hutupwa na mtu wa kwanza anayefanya usafi.

Ukitoa, panda kwenye udongo mpya, weka kivuli chenye mwanga wiki moja, kisha rudisha juani kidogo kidogo. Mche mdogo sana, wenye upana wa chini ya sentimita 3, unaweza kuruka msimu wake wa kwanza.

Mtego haufungi, unafunga na kufunguka tupu, au unaoza baada ya kula

Ndani ya kila ubavu wa mtego kuna vinyweleo, kwa kawaida vitatu. Mdudu akivigusa mara mbili ndani ya takribani sekunde 20, mtego unafunga. Kisha lazima aendelee kuhangaika ndani, na miguso hiyo ndiyo inayoambia mmea uzibe kabisa na kutoa majimaji ya kumeng'enya. Isipotokea, mtego hufunguka baada ya nusu siku hadi siku mbili. Hivyo mtego uliofunguka tupu haujaharibika. Umeona hakuna kitu.

Kila kufunga ni gharama, na mtego mmoja hula mara tatu au nne katika maisha yake kisha unakufa. Watoto wakiuchezea kwa vijiti unamalizika bila kupata chakula. Mtego mzee, mmea wa kivulini na mmea unaotaka kulala vyote hufunga polepole au visifunge. Tibu mwanga kwanza.

Ukiwa unalisha, mdudu asizidi theluthi moja ya urefu wa mtego. Mguu ukibaki nje, mtego hauzibi, bakteria wanaingia na wote unakuwa mweusi. Mtego mmoja kila wiki mbili hadi nne unatosha kwa mmea mzima. Kumeng'enya huchukua siku 5 hadi 12.

Wale vijidudu wanaoinuka ziwani kwa mawingu na kujaa kwenye taa usiku wanafaa, ila mmoja mmoja ni mdogo mno na hupenya kati ya meno. Waokote asubuhi chini ya taa, lowanisha kwa tone la maji ya mvua, finyanga donge la milimita 3 hadi 5. Liweke ndani kwa kibano, gusa kinyweleo mara mbili, na mtego ukifunga bonyeza mbavu zake taratibu kwa vidole, ukiachia na kurudia kwa nusu dakika. Rudia hivyo kwa mdudu yeyote aliyekufa. Hakikisha hajafa kwa dawa ya kupulizia mbu.

Kumbikumbi anafaa akiwa mdogo, mbawa zimetolewa, kwa mtego wa sentimita 3. Senene ni mkubwa mno. Siafu na mchwa wa kung'ata wanaweza kuutoboa mtego. Dagaa, nyama, yai na vipande vya sangara usiweke hata kidogo: mafuta na chumvi huozesha mtego kabla mmea haujapata chochote.

Majani mapya yamejikunja, yamepinda au yana utando

Tazama kitovu kwa kioo cha kukuzia. Vidukari ni vidogo vya kijani au vyeusi na hujificha ndani ya majani yaliyojikunja. Sisimizi wakipandapanda chunguni, wana sababu, kwani huwalinda vidukari kwa ajili ya utamu wanaotoa. Utando mwembamba na vidoadoa vya njano ni utitiri. Zamisha chungu chote ndani ya maji ya mvua kwa saa 24 hadi 48, ukiwa kivulini, kisha toa kichuruzike. Vikirudi, tumia dawa ya pareto iliyochanganywa kwa maji ya mvua, jioni, na rudia baada ya siku saba. Sabuni ya kufulia na ya kuoshea vyombo inaacha chumvi kwenye udongo, usiitumie.

Vijinzi vyeusi vinavyoruka kutoka kwenye udongo vinaletwa na unyevu mwingi juu. Acha kisahani kikauke siku moja kabla ya kuongeza maji, na weka karatasi ya njano yenye gundi karibu.

Kimechomoza kikonyo kinene kisicho na mtego

Ni ua. Kinakwenda juu moja kwa moja, ni cha mviringo, na ncha yake ina vifundo. Kwa mmea mchanga au uliotoka kuugua, kikate kikifika sentimita 5, maana kuchanua kunakula akiba ya tunguu na majani husimama kwa wiki kadhaa. Usikitupe: kipande hicho kikichomekwa nusu kwenye piti yenye unyevu, kikafunikwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, kinaweza kutoa miche baada ya miezi miwili hivi. Ukiacha mmea wenye nguvu uchanue, chavusha kwa brashi laini kutoka ua hadi ua. Mbegu halisi ni nyeusi, zinang'aa, na ni ndogo za milimita moja hivi. Picha za mbegu za minasanzi ya bluu au zambarau mtandaoni ni za kitapeli.

Juu hakuna jani hata moja

Usimwage udongo. Chimbua kwa kidole na ulitafute tunguu. Likiwa laini, jeusi na linanuka lote, limekwisha. Likiwa na hata sentimita moja nyeupe na ngumu, kata kilichooza kwa wembe uliopitishwa kwenye spiriti, panda kipande hicho sentimita moja chini kwenye mchanganyiko mpya wa piti na pelaiti, kiweke penye mwanga bila jua kali, na udongo uwe na unyevu bila kisahani kujaa. Chipukizi linaweza kuchukua wiki sita hadi nane kutokea, na la kwanza huja bila mtego au na mtego mdogo usiofunga. Usililishe mpaka mitego iwe na urefu wa sentimita moja.